Maji mekundu ya matembele hayapandishi damu: jibu kwa mama mjamzito

"Habari za kazi mtaalamu. Nina mimba ya miezi sita, ni ya pili. Kliniki walinipima damu wakaniambia ni 8.6, wakanipa vidonge vya FEFO. Nikivimeza tumbo linachafuka na choo kinakuwa cheusi, nikaogopa, nimeviacha sasa wiki ya tatu. Mama mkwe ananichemshia matembele kila asubuhi, nakunywa maji yake mekundu glasi mbili. Jioni tunakula ugali na mnavu au mchicha, kisha chai ya rangi. Jirani ameniletea unga wa mlonge, anasema una antioksidanti nyingi kuliko dawa yoyote na zinamkinga mtoto tumboni. Mwingine anasema nisage kisamvu kibichi kwenye blenda nikichuje ninywe. Juzi nimepimwa tena, damu 8.4. Mbona inashuka na majani nakula kila siku? Niongeze majani au nirudie vidonge? Halafu pemba naitamani sana, sijui kama ina uhusiano."

Mdogo wangu, hongera kwa ujauzito na pole kwa wasiwasi. Jibu lenyewe kwanza, maelezo yafuate: rudia vidonge leo usiku. Majani usiyaache. Kisamvu kibichi usikiguse kabisa, na ile chai ya jioni isogeze mbali na sahani. Ukiyafanya hayo tu, hata kama hutasoma zaidi ya hapa, nitakuwa nimepata nilichotaka.

Tukianza na namba zako, kutoka 8.6 hadi 8.4 ni tofauti ndogo sana, hata mashine inaweza kuileta. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba wiki tatu zimepita na damu haijapanda. Mjamzito anatakiwa awe na gramu 11 au zaidi za himoglobini, ile inayoipa damu wekundu, kwa kila desilita ya damu, na katikati ya mimba hata 10.5 inakubalika, kwa sababu kipindi hicho maji ya damu huongezeka upesi kuliko chembe nyekundu, damu ikawa nyepesi kidogo. Kuanzia 7 hadi 9.9 tunauita upungufu wa wastani, na wewe uko humo. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na hapo maongezi yetu yangekuwa mengine. Una muda wa kurekebisha kabla ya kujifungua. Ila muda huo si mrefu, na mwanamke anayeingia leba akiwa na damu kidogo hana akiba ya kupoteza.

Sasa maji mekundu. Namwelewa mama mkwe wako na namheshimu, kwa sababu anakuhangaikia kila asubuhi kabla hata hajanywa chai yake. Wanawake wengi wananijia kliniki na chupa ya maji hayo kwenye mkoba, wengine wameyachanganya na maziwa, wengine na choya. Akili inasema: nyekundu kwa nyekundu, basi inaongeza damu. Fanya jaribio hili jikoni, halichukui hata dakika mbili. Mimina maji ya matembele kwenye glasi mbili. Glasi ya kwanza kamulia ndimu, uone wekundu unavyong'aa ukielekea rangi ya waridi. Ya pili tia chembe ya magadi au soda ya kupikia, uone wekundu unavyofifia na kugeuka ukijani wenye uchafu-uchafu. Wekundu wa damu haubadiliki namna hiyo. Unachokiona ni rangi ya mmea iitwayo anthosayanini, ile ile iliyomo kwenye choya na kwenye mashina ya zambarau ya matembele. Wekundu wa damu unatoka kwenye himoglobini, ambayo imeshika madini ya chuma katikati yake. Ni vitu viwili vilivyofanana rangi tu.

Hiyo haina maana kwamba maji yale ni bure kabisa. Majani yakichemka, sehemu ya vitamini na madini yake inahamia kwenye maji, na anayeyamwaga anamwaga lishe. Lakini tuhesabu pamoja. Gramu 100 za matembele mabichi, yaani konzi kadhaa kubwa, zina chuma cha kama miligramu 1. Mchicha una zaidi kidogo ya miligramu 2. Namba hizi hupanda na kushuka kwa udongo na aina ya mbegu, na ukiona mahali wameandika namba kubwa ajabu, mara nyingi ni vumbi la shamba lililobaki kwenye jani, ambalo mwili hauwezi kulitumia. Katika chuma hicho cha majani, mwili unachukua kidogo sana, kwa kawaida chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo glasi mbili za maji zinakupa kitu ambacho hata mizani ya dawa ingehangaika kukipima.

Upande wa pili weka mahitaji yako. Mimba nzima inahitaji chuma cha karibu miligramu 1000: cha mtoto na kondo la nyuma, cha damu yako inayoongezeka, na cha kile kinachopotea kila siku na siku ya kujifungua. Kuanzia miezi uliyonayo, mwili unahitaji miligramu 4 hadi 6 kila siku zinazoingia kweli kwenye damu. Kidonge kimoja cha FEFO, yaani cha chuma na asidi ya foliki, kina miligramu 60 za chuma. Hata tumbo likichukua sehemu moja ya kumi tu, umepata 6. Ili upate hizo kwa matembele peke yake ungekula mzigo, si fungu. Ndiyo sababu damu haipandi ingawa majani unakula kila siku. Hujakosea kula majani. Umeyabebesha kazi ambayo hayakuumbiwa.

Tuje kwenye hilo neno alilokuja nalo jirani, antioksidanti. Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu humu ndimo kilipojificha kitu kinachoizuia damu yako, na watu wengi wanaouza unga hawakielewi.

Kata parachichi uliache mezani. Baada ya muda nyama yake inageuka kahawia. Lipake ndimu, weusi unakawia. Kilicholibadilisha ni hewa, hasa oksijeni, ambayo ina tabia ya kunyang'anya elektroni kwenye vitu vingine. Mwilini mwetu mambo hayo yanatokea kila sekunde, kwa sababu tunavuta oksijeni hiyo hiyo na kuitumia kuchoma chakula. Katika uchomaji huo huzaliwa vipande vyenye upungufu wa elektroni, tunaviita radikali huru, ambavyo vinakwapua elektroni kwenye mafuta ya kuta za seli, kwenye protini, hata kwenye vinasaba. Antioksidanti ni kitu chochote kinachokubali kutoa elektroni yake na kuituliza fujo hiyo. Ndimu imelikinga parachichi kwa njia hiyo: vitamini C imetoa yake, na asidi yake nayo imekipunguzia kasi kimeng'enya kinachogeuza rangi.

Mboga zetu za asili zimejaa vitu hivi, hilo ni kweli na halina ubishi. Mmea uliosimama juani kutwa nzima, ukiliwa na wadudu, ukikosa maji, hauna miguu ya kukimbilia kivulini. Unajitengenezea kinga yake mwenyewe. Karotini za mchicha na mgagani, vitamini C ya majani ya kunde, na kundi kubwa la polifenoli ambalo linachangia uchungu na ukakasi tunaouonja kwenye mnavu na mchunga, zote ni silaha za mmea. Mgagani, ambao Wakisii wanauita chinsaga na huwapa wanawake waliotoka kujifungua, una kundi jingine tena, glukosinoleti, zile zinazokupa ukali puani ukiufikicha mkononi. Kabichi nyeupe unayoikuta kila sokoni ina karotini kidogo mno ukiilinganisha na yoyote kati ya hizi. Kwa miaka mingi tuliziita mboga za maskini, wengine wakazing'oa kama magugu. Ilihitajika kazi ya watu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kule Kenya, na kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Tengeru, Arusha, tangu miaka ya 1990, mbegu zake zikarudi madukani na mnavu ukarudi mezani kwa heshima. Mwaka 2021 UNESCO iliiandikisha kazi ya Kenya ya kuokoa vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Mimi ni mtu wa mboga hizi, nazila, nazipanda, na nitakuwa wa mwisho kuzidharau.

Lakini polifenoli zina njia mbili za kufanya kazi. Ya kwanza ni hiyo ya kutoa elektroni. Ya pili ni kukamata madini, hasa chuma, na kuyashikilia. Chuma kikiachwa peke yake ni mchokozi, kinazalisha radikali huru, kwa hiyo kukifunga pingu ni ulinzi pia. Kwa mmea hiyo ni akili nzuri. Tumboni mwako, wewe unayekitafuta chuma kwa tochi, ni hasara: polifenoli inakikamata kabla ukuta wa utumbo haujakichukua, na kinapita hadi chooni. Chai ya rangi imejaa polifenoli. Ukila mnavu ukaushushia chai papo hapo, chuma kidogo kilichokuwa kwenye mnavu kinafungwa na chai. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Na unga wa majani, unavyosifiwa kuwa na antioksidanti nyingi zaidi, ndivyo unavyozidi kuwa na vitu vinavyoweza kukishika chuma.

Vitamini C nayo ni antioksidanti, na hii inafanya kinyume. Chuma cha majani kiko katika hali ambayo utumbo unapata taabu kukipitisha. Vitamini C inakipa elektroni moja na kukigeuza kikawa katika hali inayopita kirahisi, tena inakinga kisikamatwe na polifenoli. Antioksidanti moja inakufungia mlango, nyingine inakufungulia, kwenye sahani ile ile. Kwa hiyo mtu akikwambia kitu fulani "kina antioksidanti nyingi", bado hajakwambia kitu. Muulize ni zipi, na zinafanya nini tumboni mwa mtu mwenye shida yako.

Kulikuwa na vipimo vya maabara vilivyokuwa vikipanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti, na wauza virutubisho walivipenda sana. Wizara ya kilimo ya Marekani, iliyokuwa imechapisha jedwali la namna hiyo, ililiondoa mwaka 2012, kwa sababu namba zinazopatikana kwenye kichupa cha maabara hazionyeshi kinachotokea mwilini mwa binadamu. Na walipojaribu kuwapa watu antioksidanti zilizokolezwa, matokeo yaliwashtua. Utafiti wa Finland uliotoka mwaka 1994, wenye wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, uliwapa baadhi yao vidonge vya karotini ile ile iliyomo kwenye mchicha. Waliovimeza walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu, kwa karibu asilimia 18. Linalokuhusu wewe zaidi ni la Uingereza, mwaka 2006: wajawazito zaidi ya 2,400 waliokuwa kwenye hatari ya kifafa cha mimba, nusu yao wakapewa vitamini C na E kwa dozi kubwa, wakitumaini zingewakinga. Hazikuwakinga, na waliozipata walizaa watoto wenye uzito mdogo kwa wingi zaidi. Sikuambii haya ili uogope chungwa. Kinachopatikana kwenye chakula kinakuja kidogo kidogo, kimechanganyika na nyuzinyuzi na madini, mwili unakijua. Kilichokolezwa ni jambo jingine.

Kwa msingi huo tuitazame mlonge. Kwanza, mti wenyewe asili yake ni India, chini ya milima ya Himalaya, ingawa kaskazini mwa Kenya na Ethiopia kuna ndugu yake wa asili ya huku. Majani yake ni mboga nzuri, ukiyapika kama mchicha kula kwa amani. Kijiko cha chai cha unga mkavu kina chuma kisichofika miligramu 1, na sehemu kubwa ya hicho imeshafungwa. Mjamzito sitamshauri ameze vijiko vya unga kama dawa, maana hajui dozi, hajui ulikaushiwa wapi, na hakuna aliyeupima vya kutosha kwa mjamzito. Mizizi na magamba ya mlonge usitumie kabisa ukiwa na mimba. Mshukuru jirani, unga uweke kabatini.

Kisamvu kibichi ni hatari, na hapa sina lugha laini. Ndani ya jani la muhogo kuna kitu kiitwacho linamarini, na pembeni, kwenye ukuta wa seli, kuna kimeng'enya kinachoivunja. Jani likiwa zima havikutani. Ukilitwanga vinakutana, na kinachotoka ni sianidi, sumu yenyewe. Ndiyo maana bibi zetu hutwanga kisamvu kwenye kinu, wakakiacha, kisha wakakichemsha muda mrefu bila kukifunika. Sianidi ya namna hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, karibu sawa na joto la kawaida la nyumba zetu, kwa hiyo inaruka na mvuke na kuondoka. Wakongo na Warundi wanaokula sombe nao wanafuata njia hiyo hiyo. Blenda inafanya kazi ya kinu, inavikutanisha, halafu wewe unachuja na kunywa papo hapo, kabla sumu haijapata pa kutokea. Kisamvu kilichotwangwa na kuiva vizuri, kwa nazi au karanga, kula. Kibichi hapana, hata nusu glasi, hata kwa asali.

Kuhusu upishi wa hizo mboga za jioni, mengi unayajua kuliko mimi. Nitagusa machache. Osha majani yakiwa mazima, ndipo ukate, ili vitamini visiondoke na maji ya kuoshea. Mchicha pika dakika chache, usiache uchemke hadi ubadilike rangi. Kama mama mkwe anatia magadi kwenye mnavu au kunde ili vilainike, mwombe kwa upole aache: magadi yanaua vitamini C, na magadi ya kaskazini yana floraidi inayoharibu meno ya watoto. Mnavu mchungu sana unaweza kumwaga maji ya kwanza, utapoteza vitamini kidogo lakini utaweza kuula, na mboga inayolika ni bora kuliko iliyobaki kwenye sufuria. Vitunda vya kijani vya mnavu viondoe vyote, vina sumu. Mafuta kidogo au tui ni lazima, kwa sababu karotini haiingii mwilini bila mafuta. Karanga hukibana chuma kidogo, lakini zina protini na mafuta ambavyo unavihitaji, kwa hiyo siwezi kukukataza mchicha wa karanga.

Kubwa zaidi: tia dagaa ndani ya mboga. Konzi moja ya dagaa iliyosuguliwa vizuri na maji ya moto inaongeza chuma ambacho mwili unakipenda, na nyama au samaki vina tabia ya kukisaidia hata chuma cha majani kiingie. Kisha kamulia ndimu wakati sahani iko mezani, si kwenye sufuria, maana moto unaua vitamini C. Pera moja baada ya kula ni bora zaidi, pera lina vitamini C kuliko chungwa mara kadhaa. Chai ya rangi sogeza hadi saa mbili baada ya chakula, au inywe saa kumi jioni kabla hujapika. Maini unaweza kula kidogo mara moja moja, lakini usiyafanye ya kila siku ukiwa na mimba, kwa sababu yana vitamini A iliyokamilika kwa wingi mno, na ikizidi inamdhuru mtoto. Mchicha hauna hatari hiyo. Karotini yake mwili unaigeuza vitamini A kwa kadiri ya haja tu.

Sasa vidonge, maana ndivyo vilivyokukimbiza. Choo cheusi ni chuma ambacho utumbo haukukichukua. Ni rangi tu, hakina madhara, na ni dalili kwamba unameza kweli. Ungetaka kuogopa choo cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, kwa mtu ambaye hamezi chuma, au kinachoambatana na maumivu makali ya tumbo. Kuchafuka kwa tumbo ni kweli na hakuna anayekulaumu. Meza usiku ukienda kulala, baada ya kula kitu chepesi, na maji ya ndimu au ya ubuyu usiokolezwa sukari. Usimeze na chai wala maziwa. Ikishindikana wiki nzima, rudi kliniki uwaambie wazi kwamba uliacha na kwa nini. Wanaweza kukubadilishia aina, kukupangia siku za kumeza, au kukupa chuma kwa njia nyingine kama mimba imesogea. Kwa damu ya 8.4 wanaweza pia kukuongezea hadi vidonge viwili kwa siku kwa kipindi fulani. Uamuzi huo ni wao baada ya kukuona, wewe usijiongezee. Na hakuna atakayekufokea. Akikufokea mmoja, mwombe mwingine.

Ukimeza sawasawa, tunategemea damu ipande kwa karibu gramu moja ndani ya wiki nne. Isipopanda, tatizo linaweza kuwa kwingine, na hapo wala majani wala vidonge havitatosha. Malaria inavunja chembe nyekundu, hata ile isiyo na homa kali. Safura, wale minyoo wanaong'ata utumbo, wananyonya damu kimya kimya. Kichocho kinaitoa kwenye mkojo. Ugonjwa wa selimundu unaweza kuwa haujajulikana. Omba upimwe hayo, meza dawa ya minyoo watakayokupa, usikose zile dozi za kuzuia malaria za kliniki, na lala kwenye chandarua chenye dawa kila usiku, hata wa joto.

Na pemba, huo udongo wa kutafuna: ndiyo, uhusiano upo. Kutamani udongo, majivu, barafu au mchele mbichi mara nyingi ni kilio cha mwili uliopungukiwa chuma, na hamu hiyo kwa wengi hupungua chuma kikirudi. Shida ni kwamba udongo nao unakamata chuma tumboni, kama chai, na unakuja na mayai ya minyoo na wakati mwingine risasi. Unaila ili kutuliza upungufu, nayo inauongeza. Hamu ikija, tafuna karoti au kipande cha embe bichi. Hata ukishindwa siku moja, usijichukie, ila mwambie nesi.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona lolote kati ya haya: moyo kwenda mbio ukiwa umekaa tu, kuhema ukitembea hatua chache, kizunguzungu cha kuanguka, kutokwa damu ukeni, homa, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu au uso na mikono kuvimba, au mtoto kupunguza kucheza. Nenda siku hiyo hiyo, kwenye kituo chenye maabara.

Wasomaji wengine wanaomsoma dada huyu wakiwa na hali nyingine wasinakili ushauri wake mzima. Anayemeza wafarini ya kuzuia damu kuganda asizidishe wala kuacha majani ghafla, kwa kuwa vitamini K iliyomo inapingana na dawa hiyo. Ale kiasi kile kile wiki hadi wiki na kumjulisha daktari. Mwenye figo zilizochoka aulize kwanza kuhusu potasiamu.

Mama mkwe usimwambie matembele yake hayafai, maana si kweli. Mwambie umeshauriwa uyale yenyewe, yaliyopikwa na dagaa, badala ya kunywa maji yake peke yake, na umpe kazi ya kukamua ndimu. Kidonge kimeze mbele yake usiku, akuone. Ukipimwa tena baada ya wiki nne niandikie namba, pamoja na jibu la kipimo cha minyoo na cha malaria.